Barua ya wazi: tupeni kanuni moja ya kuandika Ki-Kafka, Ki-Orwell na Ki-Okot

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya mitaala, mitihani na vitabu vya Kiswahili nchini Uganda,

Baada ya salamu na heshima, tunaomba mtazame neno moja kabla hatujaeleza shida yetu.

Neno lenyewe ni "Kikafka". Ndivyo linavyoandikwa katika maelezo mengi ya fasihi kwa maana ya "kwa namna ya Kafka". Mwanafunzi aliyekulia kwenye Luganda hutia irabu kati ya f na k, kwa kuwa lugha yake haizikubali konsonanti hizo zikifuatana, na Kiswahili chenyewe hakizipendi. Anatamka "kikafuka", kisha anaandika kama alivyotamka. Sasa someni: "Chungu kikafuka." Ni sentensi kamili ya Kiswahili, na maana yake ni kwamba chungu kilitoa moshi. Ki ya ngeli, ka ya masimulizi, kitenzi fuka. Msahihishaji anaona kosa la ajabu, mwanafunzi haoni kosa lolote, na mwandishi Franz Kafka wa Prague hayumo tena katika sentensi.

Hili ni jambo dogo ukilitazama peke yake, lakini halipo peke yake. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, na zaidi tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, vitabu vinatungwa kwa haraka na walimu wapya wanaingia madarasani. Wanafunzi hao hao husoma fasihi ya Kiingereza, ambako Orwellian, Kafkaesque na Dickensian, yaliyotokana na majina ya waandishi Orwell, Kafka na Dickens, ni maneno ya kila siku. Wakija kwenye Kiswahili wanataka kusema jambo lile lile, na hakuna aliyewaambia walisemeje. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na "kiorwell", "Kiorwell" na "ki-Orwell" ndani ya sura moja. Tunaomba waraka wa ukurasa mmoja utakaoweka kanuni, na hapa tunaeleza kanuni tunayoiona inafaa na sababu zake.

Tuanze na Ki-. Katika Kiswahili kiambishi hiki hubeba kazi tatu zinazogongana tukikigandisha kwenye jina la mtu. Hutaja lugha, kama Kiarabu. Hutaja namna, kama mavazi ya kiasili. Na hudunisha, kama kijitu au kitoto. Ukiandika "kishakespeare" kwa herufi ndogo, msomaji hajui kama unasema lugha ya Shakespeare, mtindo wake, au unamdharau. Mwanafunzi wa Luganda ana bahati hapa, maana lugha yake imekwisha kutenganisha mawili ya kwanza: Oluganda ni lugha, na chakula au dawa ya jadi ni ya Ekiganda. Mnyankore naye ana Orunyankore na Ekinyankore. Mwalimu wa Masaka au Mbarara akiwaambia wanafunzi wake kwamba Ki- ya Ki-Shakespeare ni ile ya Ekiganda, si ile ya Oluganda, somo limeeleweka kwa dakika mbili. Gulu ni kazi nyingine. Kiacholi hakina viambishi vya ngeli. Lugha yao ni leb Acoli, ulimi wa Acholi, maneno mawili yaliyowekwa sambamba. Mwanafunzi wa huko huandika "mtindo Kafka" na kuona amemaliza. Waraka ukitungwa na watu wa Kampala peke yao, hili litasahaulika.

Kwa hiyo tunapendekeza: Ki yenye herufi kubwa, kistari, kisha jina kama lilivyo kwenye jalada la kitabu. Ki-Kafka, Ki-Orwell, Ki-Brecht (wa Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani). Kistari kinazuia "kikafuka", kinalinda herufi kubwa ya jina, na kinamwezesha msomaji kulikuta jina lile lile kwenye faharasa na kwenye katalogi ya maktaba. Kinazuia pia kosa la wanafunzi hodari, wale wanaokumbuka kwamba ki mbele ya irabu hugeuka ch, kama chakula na chombo, wakaandika "Chorwell". Majina ya watu na mahali hayafuati kanuni hiyo: tunasema Kiarabu, Kiunguja na Kiamu.

Kuna wenzetu watakaouliza kwa nini tusiyaandike majina yote kwa matamshi yetu, kama Mwalimu Nyerere alivyofanya alipomwita Kaizari kwenye Juliasi Kaizari, na Venice ikawa Venisi kwenye Mabepari wa Venisi, tafsiri zote mbili za mwaka 1969. Jibu letu ni kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Umaksi na Udarwini wamekwisha kupewa jembe: watu huyatumia maneno hayo bila kumfikiria Marx wala Darwin, yana tahajia iliyotulia, na hayahitaji kistari. Kaisari wa Biblia alilima zamani, akawa jina la cheo kwa kila msomaji. Lakini Kafka na Orwell bado ni wageni. Mwanafunzi akiona "Kioweli" hatajua atafute kitabu gani. Homer akigeuzwa haraka haraka anaweza kuwa "Kihoma", na homa tunaijua ni nini. Acheni majina yabaki na sura yake mpaka wasemaji wenyewe wayazoee.

Upatanisho wa kisarufi ndipo makosa mengi yanapotokea, ingawa ni rahisi kuyarekebisha. Neno hili si kivumishi cha kupokea kiambishi cha ngeli. Hatusemi "mambo makafka" wala "kitabu kikafka". Linahitaji a-unganifu: mambo ya Ki-Kafka, kitabu cha Ki-Kafka, ofisi za Ki-Kafka. Ngeli hubadilisha ya, cha, za. Ki- haibadiliki hata nomino ikiwa katika wingi, kwa hiyo "vitabu vya Vi-Kafka" ni kosa. A-unganifu hiyo peke yake, bila Ki-, ina maana nyingine kabisa, na tofauti hii ifundishwe mapema. Soneti ya Shakespeare ni mojawapo ya zile 154 zilizochapishwa mwaka 1609. Soneti ya Ki-Shakespeare ni umbo: mishororo 14, beti tatu za mishororo minne minne zenye vina vya kupishana, na mishororo miwili ya mwisho yenye kina kimoja. Mwanafunzi wa Jinja anaweza kuiandika leo jioni. Tena umbo hilo halikubuniwa na Shakespeare. Henry Howard, mkuu wa Surrey aliyeuawa mwaka 1547, alilitumia kabla Shakespeare hajazaliwa. Jina lilimwendea aliyelitangaza. Ikiwa mishororo minane inatangulia na sita kufuata, hiyo ni soneti ya Ki-Petrarca, kwa jina la mshairi wa Italia, na mwanafunzi asiyetofautisha mawili hayo hajui soneti.

Hapa tumefika kwenye maana, na maana inatuhangaisha kuliko tahajia. Maneno haya hayafanyi kazi moja. Ki-Shakespeare na Ki-Petrarca hutaja umbo, na ukihesabu mishororo umepata jibu. Ki-Brecht hutaja mbinu: mwigizaji anayeacha uhusika na kuihutubia hadhira, wimbo unaokatiza tendo, bango linalotangaza tukio kabla halijatokea ili mtazamaji afikiri badala ya kuzama. Hiyo nayo inapimika. Ki-Kafka, Ki-Orwell na Ki-Dickens ni kundi jingine, kwa sababu hutaja ulimwengu uliomo ndani ya vitabu, na ulimwengu haupimwi kwa rula. Ndiyo maana maneno haya hulegea haraka mdomoni mwa watu.

Chukueni Ki-Kafka. Foleni ndefu kwenye stendi ya teksi si ya Ki-Kafka. Karani anayekutuma urudi kesho si wa Ki-Kafka. Huo ni urasimu, neno tunalo, tulitumie. Katika riwaya ya Kafka, The Trial, iliyotoka mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufariki, mhusika mkuu Josef K. anakamatwa asubuhi nyumbani kwake, haambiwi kosa, na ofisi za mahakama anazikuta kwenye madari ya nyumba za watu maskini. Hakimu mkuu hamwoni kamwe. Na taratibu yeye mwenyewe anaanza kuenenda kama mtu mwenye hatia. Hizo ndizo alama tatu tunazotaka mwongozo wa kusahihisha uzitaje: mamlaka isiyoonekana, kosa au sharti lisilotajwa, na mtu anayeikubali hukumu kabla haijatolewa. Ofisi inayotaka barua kabla ya muhuri, na muhuri kabla ya barua, inakaribia. Lakini ikiwa afisa anaweza kukuonyesha kanuni iliyoandikwa na mahali pa kukata rufaa, bado hujafika kwa Kafka. Mwanafunzi akipata mbili kati ya tatu, apewe alama kwa kueleza ya tatu inapokosekana. Hilo ni jibu zuri kuliko la yule anayekariri kwamba Ki-Kafka ni "hali ya kutatanisha".

Ki-Orwell huumizwa kwa namna nyingine. Watu husema hivyo kwa kila katazo. Mwalimu mkuu anayepiga marufuku simu bwenini hafanyi jambo la Ki-Orwell. Ametangaza sheria yake waziwazi. Neno hili linahitaji mawili kwa pamoja: jicho la dola linalomfuata mtu hadi chumbani, na lugha iliyopindwa ili uongo uonekane ukweli, kama ile wizara katika riwaya ya Orwell ya mwaka 1949, Nineteen Eighty-Four, iliyoitwa ya Ukweli na kazi yake ikawa kughushi kumbukumbu. Kwa shule zetu njia ya karibu zaidi ni Shamba la Wanyama, riwaya nyingine ya Orwell katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Mwanafunzi akifuatilia jinsi amri zilizoandikwa ukutani zinavyobadilishwa kidogo kidogo usiku, na wanyama wakaanza kutilia shaka kumbukumbu zao wenyewe, ameelewa nusu ya pili ya neno kwa Kiswahili, bila kupitia Kiingereza.

Kwa sababu hiyo hiyo tunaomba waraka ukataze "Uorwell" na "Ukafka". Kiambishi U- kwa majina ya watu hutaja itikadi au fundisho: Umaksi ni aliyoyafundisha Marx. Orwell hakufundisha upelelezi wa raia, aliupinga. Kumpa U- ni kumbambikia mtu dhambi aliyoikemea. Kafka vilevile: alikuwa afisa wa bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague na aliijua ofisi kwa ndani, hakuanzisha imani. Wafuasi nao waitwe wafuasi. "Mworwell" ni kirefu cha kutatanisha, na "mfuasi wa Orwell" ipo.

Ki-Dickens haihitaji maelezo marefu. Watoto maskini kazini, madeni, jiji lenye masizi, wahusika waliotiwa chumvi hadi mtu akawa tabia moja. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, Dickens alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu huku baba yake akiwa kwenye gereza la wadaiwa. Tahadhari moja tu: mwanafunzi akikutana na mshangao wa Kiingereza what the dickens asidhani unatoka kwa mwandishi huyu. Umo kwenye tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1602, naye Dickens alizaliwa mwaka 1812. Ni njia ya kukwepa kumtaja shetani.

Na si kila neno tulilete. Waingereza wana kitenzi bowdlerize kilichotokana na Thomas Bowdler, ambaye jina lake limo kwenye Shakespeare ya familia, chapa iliyoondolewa maneno yaliyodhaniwa machafu. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1807 na mhariri wake alikuwa dada yake Henrietta. Kiswahili hakihitaji kitenzi hicho. "Kuchuja" kunatosha, na kila msomaji anaelewa.

Sasa jambo ambalo hasa limetufanya tuandike barua hii kwa uwazi. Kanuni zote za Ulaya husema: chukua jina la ukoo la mwandishi. Hata huko kanuni inayumba, maana Orwell si jina la ukoo. Mwenyewe aliitwa Eric Blair, na Orwell ni mto wa mashariki mwa Uingereza. Kwetu kanuni hiyo inavunjika kabisa. Mshairi Okot p'Bitek wa Gulu, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982, hana jina la ukoo kwa maana hiyo. Ile p' ni ufupisho wa pa, yaani "wa", ile ile iliyomo kwenye Wer pa Lawino (Wimbo wa Lawino), shairi lake. Jina lake ni Okot wa Bitek. Ukiandika "ya Ki-p'Bitek" umemtaja Bitek, si Okot, na ndani ya neno umeweka "ya" mara mbili. Katalogi moja humweka chini ya O, nyingine P, nyingine B, na mwanafunzi anayetafuta hukata tamaa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wamemwita Okot tangu mwanzo, na wahakiki walisema "shule ya Okot" walipowaona Okello Oculi na Joseph Buruga wakiandika mashairi marefu ya namna hiyo mwaka 1968 na 1969. Kwa hiyo kanuni yetu iseme: tumia jina ambalo wasomaji humwitia mwandishi. Ki-Okot.

Neno hili halimo kwenye orodha zinazonakiliwa kutoka nje, na ndilo linalotufaa zaidi. Shairi la Ki-Okot lina sauti ya mtu mmoja anayemsema mtu anayejulikana, kwa urefu, kama mashtaka mbele ya ukoo. Mishororo ni mifupi, haina vina vya lazima. Matusi na tashbihi hutoka jikoni, zizini na kwenye ngoma. Na chini yake kuna ugomvi wa njia mbili za kuishi. Lawino anasema, na baadaye mumewe Ocol anajibu kwa zamu yake, katika shairi la mwaka 1970. Kiswahili kina maandishi ya kufundishia: Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa, ilitoka mwaka 1975. Mwanafunzi aliyezoea mizani 16 kwa mshororo na vina vya kati na mwisho ataona tofauti mara moja. Hapo mwalimu awe mwangalifu: si kila shairi huru ni la Ki-Okot. Mashairi ya Kezilahabi katika Kichomi ya mwaka 1974 hayafuati vina, lakini hayana yule mlalamikaji mmoja anayeshika uwanja. Ukikosa mlalamikaji, usiliite Ki-Okot.

Shaaban Robert anatushinda, na tunaona ni heri kukiri hivyo kwenye waraka. "Ki-Robert" haimwambii mtu chochote, na "Ki-Shaaban" inasikika kama jambo la mwezi kabla ya Ramadhani. Mwacheni awe "mtindo wa Shaaban Robert".

Kwa wahariri, mambo mawili ya mezani. Kistari cha kawaida hukatika mwisho wa mstari, Ki- ikabaki juu na jina likashuka chini. Kwenye Microsoft Word bonyezeni Ctrl, Shift na kistari kwa pamoja, mpate kistari kisichokatika. Ritifaa ya p'Bitek iwe ya umbo moja kitabu kizima, la sivyo jina halitaonekana likitafutwa kwenye faili. Kwenye faharasa orodhesheni chini ya jina lenyewe, si chini ya K, maana maneno yote ya aina hii yangerundikana mahali pamoja.

Kwa mitihani tunaomba kwa miaka miwili ya kwanza mwanafunzi asikatwe alama kwa kukosa kistari. Swali la alama nne ligawanywe hivi: alama moja kwa kumtaja mwandishi na kazi yake, mbili kwa sifa mbili mahususi, na moja kwa mfano wa mwanafunzi mwenyewe, pamoja na sababu ya mfano huo kufaa. Mfano ulionakiliwa kutoka kitabu cha kiada usipate alama hiyo ya mwisho.

Rasimu ya ukurasa huo tumeiandaa: maneno kumi na mawili, kila moja na tahajia, sifa zake, sentensi sahihi na sentensi mbovu iliyosahihishwa. Tunaomba isomwe na walimu wa Gulu, Soroti na Arua kabla haijapitishwa, ipelekwe pia kwenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar ili tahajia yetu isipishane na ya jirani zetu, na iwafikie wachapishaji kabla ya chapa ijayo ya vitabu vya sekondari. Tuko tayari kuileta ofisini siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika kazi,
Walimu wa fasihi na wahariri wa vitabu vya Kiswahili, Uganda